Vipele vya Ubatizo

Dorah Bosibori hanunui samaki bila kumfunua mashavu, hata kama samaki mwenyewe bado anarukaruka. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta hapa Sindo miaka mingi, na sijamwona akiamini kitu mara ya kwanza anapokisikia. Ukimpa chai, anasubiri unywe wewe kwanza. Ukimwambia mvua imenyesha Mbita, anatafuta mtu mwingine aliyetoka Mbita amuulize. Na mtu akimaliza kueleza jambo lake na kuondoka, Dorah humwangalia mgongo, hukunja midomo, kisha husema, "Huyo anadanganya." Amewasema hivyo wauza maziwa, wanasiasa na wahubiri wa redioni. Mwanangu alipolala na homa ya malaria alimsema vilevile, nikamnunia wiki nzima.

Mimi ni fundi wa kushona. Ni Mjaluo wa hapa hapa, tena Mkatoliki. Yeye ni Mkisii, tena Msabato, kwa hiyo tunataniana mwaka mzima bila kuishiwa na maneno. Alikuja na mumewe waliyekuwa wakiuza naye ndizi. Mume alipofariki, watu walidhani atafunga mizigo arudi kwao. Hakurudi. Hakuwa na shamba huku, wala ndugu, wala mtoto wa kumtunza uzeeni. Kilichomshika ni kanisa, na ndani ya kanisa kilichomshika ni sanduku la bati.

Katika sanduku hilo mnakaa kanzu za ubatizo. Wasabato wanamzamisha mtu mzima mzima, kichwa na vyote, na kanzu hizo hutunzwa na shemasi wa kike. Nilizishona mimi, kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee. Kwenye pindo la chini niliingiza risasi za wavu, vile vipande vizito vinavyozamisha nyavu za wavuvi, ili kanzu isielee juu mtu anapoingia majini. Hakuna anayetaka kuokoka huku mapaja yakionekana na kanisa zima.

Dorah huzifua mwenyewe, huzianika zikiwa zimegeuzwa ndani nje, huzipiga pasi ya makaa, kisha hulifunga sanduku na kuuvaa ufunguo shingoni. Ufunguo huo ndio uliomfanya aitwe Sista Dorah na wake kwa waume. Kabla yake alikuwa yule Mkisii wa ndizi. Nayasema haya mapema ili ueleweke uzito wa kilichotaka kumpata.

Alikuwa na kazi nyingine ambayo hakupewa na mtu. Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, na kwao hapo ndipo Sabato inapoingia, Dorah alijifunga leso akazunguka mji kuwakagua Wasabato wenzake. Nani bado anapara samaki? Nani anafua? Nani amejificha nyuma ya nyumba akichaji simu za watu? Niliwahi kumwambia kwamba Mungu ana macho yake, hahitaji miwani ya mtu. Alinijibu kwamba Mungu anaona lakini hapigi kelele, na watu wengine hawasikii bila kelele.

Sasa, mwaka jana makambi yalipokwisha, yale makusanyiko yao ya Agosti, walipatikana watu wengi wa kubatizwa. Kwa kawaida huenda ufukweni. Lakini pale ufukweni alikuwa amehamia kiboko mwenye mtoto, na kiboko mwenye mtoto hajali ni dhehebu gani limekuja. Basi wakaomba hoteli moja ya wageni iliyo kando ya ziwa. Bwawa lao kubwa la kuogelea lilikuwa limepasuka na limekaushwa. Lililobaki ni lile dogo la maji ya moto linalotoa mapovu, ambalo wao huliita jakuzi. Lina upana wa kutosha watu wanane wakikaa, na ukisimama maji yanafika kiunoni.

Mtunza jakuzi ni Clifford, baba wa watoto wadogo watatu, mtu mpole wa kukera. Naye ni Msabato, alibatizwa mwaka mmoja kabla. Aliyemfundisha masomo ya ubatizo ni Dorah, na aliyemvisha kanzu siku hiyo ni Dorah. Tangu wakati huo Clifford humuamkia kwa kuinama kidogo, kama mtoto wa shule.

Ijumaa ya mkesha wa ubatizo, kiza kikianza kuingia, nilimwona Dorah akirudi kutoka upande wa hotelini, ameridhika.

"Umemkamata nani leo?" nikamuuliza.

"Clifford. Jua limezama, yeye ameshika ndoo ya dawa anataka kumwaga kwa maji. Nimemwambia aweke chini."

"Na akaweka?"

"Angefanya nini?"

Nikacheka, nikaendelea kufunga cherehani yangu.

Ubatizo ulifana. Nilienda kutazama kanzu zangu zikifanya kazi. Clifford, kwa huruma yake, alikuwa ameacha maji yapashwe tangu jana yake ili wazee wasitetemeke, na mvuke ulipanda. Mchungaji aliyetoka Homa Bay alivaa suruali ya mpira inayofika kifuani, akasimama mle ndani akiwapokea mmoja mmoja. Walikuwa wengi, wametembea juani na vumbi lao, na hakuna aliyepita bafuni kwanza. Aliyezamishwa alitoka akasimama mstarini na kanzu yake mbichi, kanisa zima likapita kumpa mkono wa shirika, kisha jamaa zake wakampiga picha. Kanzu zilikaa miilini hadi zikaanza kukauka zenyewe.

Mtu mmoja tu alikataa jakuzi. Huyo ni mama Phelesia, mjane kutoka kisiwa cha Takawiri, mkaidi kuliko punda wa maji. Alichungulia ule mvuke akasema kwa sauti, "Maji ya moto ni ya kunyonyoa kuku. Mimi si kuku." Ikabidi mchungaji ashuke naye kwenye miamba iliyo chini ya hoteli, Mzee Dishon, mzee wa kanisa, akiwa juu ya jiwe na kasia mkononi kumlinda na kiboko, wakambatiza ziwani. Jioni hiyo hiyo mama akapanda boti akarudi kwao.

Kufikia Jumatatu mji mzima ulikuwa unajikuna.

Vilikuwa vipele vyekundu, kila kimoja kimekaa kwenye shina la unywele wa mwili, vingine vina usaha kwenye ncha. Viliwasha mchana, vikawasha zaidi usiku. Na mahali vilipotokea ndipo palipomponza Dorah: kiunoni, makwapani, chini ya matiti, matakoni, pale pale kanzu ilipobana. Usoni hakuna, mikononi hakuna. Mchungaji, ambaye hakuvaa kanzu ya Dorah, hakuwa na hata kimoja.

Unahitaji ushahidi gani tena? Watu hawakuhitaji. Mmoja alisema ni sabuni mbaya. Mwingine akasema Dorah amechovya kanzu kwenye dawa ya kupe. Wengine, na hao ndio walionipandisha hasira, wakaanza kunong'ona kwamba Wakisii wana mambo yao, kwamba huyo ni mwanamke aliyemzika mume na hakulia sana. *Juok*, walisema, uchawi. Mama mmoja tuliyekua naye alikuja dukani kwangu akiuliza kama risasi za pindoni zilikuwa zimeombewa kabla sijazishona. Nikamwambia atoke kabla sijamshona yeye.

Huku nyuma kila mtu alijitibu alivyojua. Mmoja alijipaka mafuta ya taa. Mwingine alijisugua kwa chumvi na ndimu hadi ngozi ikachubuka. Kijana wa bodaboda alinyoa kifua chote akidhani anang'oa mizizi, na kesho yake kifua kilikuwa kama nyanya zilizomwagwa. Waliokwenda kituo cha afya walimwambia muuguzi kwamba wameumizwa na nguo, wakapewa dawa za mzio.

Mzee Dishon aliitisha kikao cha Jumapili. Alikuja mwenyewe kumwambia Dorah, akasimama mlangoni asiingie.

"Sista, kanisa limesumbuka. Itabidi utuletee ufunguo hiyo siku."

"Ufunguo wa nini?"

"Unajua. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Dorah alimwangalia mgongo mpaka alipopinda kona. Nikangoja aseme neno lake. Hakulisema. Aliketi kwenye kigoda chake akaushika ule ufunguo ndani ya ngumi, na nikaona kwamba anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa, na nikaogopa pia.

Lakini mtu wa kushuku hashindwi kumpata wa kumshuku. Asubuhi yake alinigongea ukuta.

"Yule mama wa Takawiri. Kwa nini alikataa maji ya wenzake? Alijua nini?"

"Alisema yeye si kuku."

"Huyo anadanganya. Vaa viatu twende."

Tukapanda boti ya wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwa letu. Njia nzima Dorah alikuwa akiniandalia maswali, kwa sababu Kiswahili cha mama Phelesia ni cha kuombea maji tu, na Kidholuo cha Dorah ni cha kuuzia ndizi. Tulimkuta mama akianua omena juu ya wavu. Alituona akafurahi, akamwita Dorah binti wa Kisii kwa lugha yetu.

"Nyar Kisii! Umekuja mpaka huku?"

"Muulize ni nani alimwambia hayo maji ni mabaya," Dorah akasema, kabla hata ya salamu. "Muulize aliweka nini ndani."

Niliyatafsiri maneno hayo kwa upole, kwa sababu kesho mimi ndiye ningehitaji samaki wa kisiwa hicho. Mama Phelesia alisikiliza, akaniangalia, akamwangalia Dorah, akacheka hadi akashika magoti. Kisha akasema, nami nikatafsiri, kwamba kama nyar Kisii anatafuta kitu kwenye ngozi ya mwanamke mzee, aje aangalie mwenyewe. Akatugeuzia mgongo akalivuta gauni juu, hapo hapo mbele ya omena.

Dorah alivaa miwani. Akakagua kiuno, mbavu, makwapa. Ngozi ilikuwa safi, imekunjamana tu kwa umri.

"Unaona?" Dorah akaninong'oneza. "Wote wameugua, yeye peke yake mzima. Mchawi ni huyu."

"Dorah, huyu naye alivaa kanzu yako."

Akageuka kuniangalia. Mama Phelesia alilishusha gauni, akarudi kwenye omena zake.

"Alivaa gani?" Dorah akauliza polepole.

"Ile yenye kiraka begani. Nilikitia mimi."

Alikaa chini, juu ya ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa. Kanzu ile ilitoka sanduku moja na zile nyingine, ilifuliwa siku moja kwa sabuni moja, ilikauka kamba moja. Nilimwona akilizungusha jambo hilo kichwani, analifunua mashavu. Kama ni kanzu, mama huyu angejikuna. Kilichokuwa tofauti kwake ni maji tu.

Hatukunywa hata uji tuliokaribishwa. Tuliposhuka Sindo tulikwenda moja kwa moja kituo cha afya kwa muuguzi Roselyn. Alisikiliza hadithi yetu hadi tulipofika kwenye mvuke, akaweka kalamu chini.

"Maji ilikuwa moto?"

"Moto wa kunyonyoa kuku," nikasema.

"Na hakuna mtu alinieleza! Kila mtu anakuja hapa ni nguo, nguo, nguo." Alikasirika kweli. "Kuna bakteria inapenda sana hiyo maji ya uvuguvugu. Dawa ya maji ikipungua, inazaana haraka, na joto lenyewe linamaliza dawa mapema. Watu wakiingia wengi na jasho yao, ndiyo kabisa. Inaingia kwa vile vishimo nywele zinatokea. Sasa mtu akitoka akikaa na nguo imeloa, ile maji chafu inashikiliwa kwa ngozi. Ndiyo maana imefuata kanzu."

"Kwa hivyo kanzu haikuwa na kitu," Dorah akasema.

"Kanzu ilikuwa na maji. Wangeivua hapo hapo, waoge na sabuni, wengine hawangepata kitu."

Dorah, kwa kuwa ni Dorah, alimuuliza mara tatu kwa njia tatu, na mara zote jibu likawa moja. Roselyn alisema wengi watapona wenyewe, wiki moja au mbili. Wasikune, wasinyoe, waache mafuta ya taa na krimu za dukani. Waoge kwa sabuni ya kawaida, wakandamize mahali panapowasha kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu. Ila mwenye homa, au mwenye vipele vinavyovimba na kuenea, au mwenye ugonjwa wa sukari, huyo asikae nyumbani, aje apimwe apewe dawa inayofaa. Kijana wa bodaboda aje leo.

"Na hiyo jakuzi imwagwe, isuguliwe, ijazwe upya," akamalizia. "Yule anaichunga, muulize kama aliweka dawa hiyo siku. Inafaa kupimwa kila siku, na siku ya watu wengi ipimwe tena na tena."

Dorah alivua miwani akaifuta kwa leso. Ilikuwa safi.

Njiani nilikuwa nikicheka peke yangu. "Umepona, jirani. Sasa hiyo ni kesi ya Clifford."

"Clifford ana watoto," akasema.

"Nani hana watoto?"

"Mimi," akasema, akaingia ndani kwake na kufunga mlango. Usiku ule sikumsikia akiimba nyimbo zake. Nilidhani ni uchovu wa boti. Nilikuwa nimesahau kabisa ile ndoo.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko siku ya harusi. Mimi sikualikwa, lakini dirisha la kanisa lao halina kioo, na fundi akisimama dirishani anaweza kusingizia kwamba anapima pazia. Mwenye hoteli alikuwa amekuja na gari lake kutoka Homa Bay, ameketi benchi la nyuma na uso wa mtu aliyeharibiwa biashara. Clifford aliketi benchi la mbele kabisa, mikono katikati ya magoti.

Mzee Dishon alifungua kwa maombi, kisha akarudia ile methali yake. Dorah hakubishana. Alimsimamisha mama Phelesia, aliyekuwa amevuka ziwa kwa ajili hiyo tu, naye akaeleza habari ya kuku mpaka watu wakacheka bila kutaka. Kisha Roselyn akasimama na koti lake la kazi akasema yale yale aliyotuambia. Niliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja. Waliokuwa wamemtazama Dorah tangu asubuhi sasa walikuwa wakiutazama mgongo wa Clifford. Nami nilikuwa nikiutazama, nikijiambia kwamba watu wapole ndio wa kuogopwa.

"Brother Clifford," Mzee Dishon akasema, "uliweka dawa?"

Clifford alisimama. "Ijumaa asubuhi niliweka."

"Na jioni? Na Sabato asubuhi, kabla ya watu?"

Alimtazama Dorah. Ilikuwa dakika ndogo tu, lakini mimi dirishani niliiona, na hapo ndipo ile ndoo iliponirudia. Nikashika kizingiti cha dirisha. Sema, wewe mwanamume, nikasema moyoni. Sema ni nani alikukataza.

"Nilisahau," Clifford akasema.

Mwenye hoteli alisimama akatoa funguo za gari. "Basi nimesikia. Kesho asije kazini." Mke wa Clifford, aliyekuwa amempakata mtoto, akafunika mdomo kwa mkono. Mzee Dishon alitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akamgeukia Dorah na uso wa kuomba radhi. Akasema kanisa limemkosea, ufunguo ni wake, na tuseme amina. Watu wakasema amina, kubwa na ya furaha, kwa sababu kosa lilikuwa limepata mwenyewe na kila mtu alitaka kwenda kula.

Dorah alikuwa amesimama. Ufunguo ulikuwa kifuani pake, umekwisha kurudi kuwa wake. Alichotakiwa kufanya ni kuketi. Alimwangalia Clifford mgongo, akakunja midomo.

"Huyo anadanganya," akasema.

Vichwa vikageuka tena. Mke wa Clifford akashusha mkono.

"Hakusahau. Alikuwa ameshika ndoo ya dawa mkononi, Ijumaa jioni. Mimi ndio nilimwambia aweke chini, eti ni Sabato. Ng'ombe akianguka kwa shimo siku ya Sabato tunamtoa. Mimi ndio nilimfundisha hiyo aya. Na bado nikamwambia aweke chini." Akageukia benchi la nyuma. "Mwenye hoteli, ukitaka mtu wa kufukuza, huyo si yeye."

Aliutoa ufunguo shingoni. Uzi wake ulinaswa kwenye kitambaa cha kichwa, akahangaika nao, na hakuna aliyeinuka kumsaidia. Ukatoka. Akatembea hadi mbele akauweka mezani, mbele ya Mzee Dishon, kisha akarudi akaketi benchi la nyuma kabisa, karibu na dirisha langu, mahali wanapoketi wageni.

Clifford aliondoka mahali pake, akaja akaketi kando yake.